Nilimpelekea khanga, nikaikuta kiunoni kwa mwanamume mwenye ndevu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 48, naishi Maryland, Marekani, na huu ni mwaka wa 19 nabeba boksi. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana. Nakuandikia kuhusu rafiki yangu, nimwite Z.

Z tulikutana kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana kule Songea. Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Ndoo moja, sabuni moja, mpaka barua za wavulana tulizisoma pamoja kwa tochi chini ya shuka. Marekani alitangulia yeye. Nilipokuja, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, nikalala sebuleni kwake miezi 7 bila kunidai hata senti. Kwa hiyo Shangazi usidhani namsema mtu nisiyempenda.

Miaka minne iliyopita ndoa yake ilivunjika. Tulilia wote, nikajua atapoa na ataendelea na kazi yake ya uhasibu, ambayo alikuwa ameifanya miaka 8 au 9 hivi. Badala yake akaniambia anaacha kazi, anahamia shamba. Nikadhani amenunua shamba. Kumbe ni kijiji cha watu kama 80 huko Virginia, katikati ya misitu, wanaishi kwa pamoja: jiko moja, mfuko mmoja, magari ya wote, hakuna mshahara. Kila mtu ana chumba chake cha kulala, basi. Z anafanya kazi saa 40 na kitu kwa wiki, mara shambani, mara jikoni, mara kulea watoto, mara hesabu za kijiji. Analishwa, anatibiwa, na kila mwezi anapewa hela ya mfukoni ambayo mimi huimaliza kwa mafuta ya gari.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikwenda kumwona. Nilimbebea unga wa sembe, dagaa, na doti ya khanga ambayo mdogo wangu aliichagua Kariakoo kwa simu ya video, tumepekua duka zima mpaka tukapata yenye jina ninalolitaka: "Undugu ni kufaana si kufanana". Niliipindisha mwenyewe kwa mashine.

Nikafika Ijumaa jioni, mwendo wa zaidi ya saa mbili na nusu, kipande cha mwisho barabara ya changarawe. Z alinikumbatia. Amekonda, mikono imekuwa migumu kama ya mama yangu. Chakula kilikuwa wali wa kahawia, maharage na tofu. Sikulalamika. Jumamosi asubuhi akasema ana zamu bustanini, mimi nipumzike. Nikapumzika peke yangu mpaka saa 7. Mchana akawa na zamu nyingine. Jioni nikiwa bwaloni naangalia karatasi za zamu ubaoni, naona nimeandikwa: mgeni wa Z, Jumapili, saa 4 mpaka saa 6, masufuria.

Shangazi, mimi! Wiki nzima nimegeuza na kuogesha wazee wa watu, nimebembeleza ruhusa kazini, nimekwenda kumwona rafiki yangu, napangiwa zamu! Na masufuria yenyewe makubwa kama ya msibani. Niliosha. Nikiwa nimeinamia sinki akaingia mzungu wa makamo, ndevu mpaka kifuani, kiunoni kajifunga khanga yangu. Maandishi yamekaa kichwa chini miguu juu. Nikamuuliza Z, akacheka. Akasema wana chumba cha nguo za wote, anayependa nguo anachukua, akishaivaa anairudisha ifuliwe. "Ilikuwa nzuri mno kuifungia kabatini," akasema. Saa 8 nikaondoka bila kula.

Sasa mama yake. Yuko kijijini Ruvuma, ana miaka 77, ana presha. Ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Alisikia habari za Shakahola redioni na tangu hapo anaamini mwanawe yuko kwa mhubiri atakayemfungisha mpaka afe. Akiacha hilo, anaanza jingine: "Yaani ujamaa tulioukimbia sisi, yeye kaufuata kwa ndege?" Z humpigia simu, lakini hela aliacha kumtumia. Mimi, kumtuliza mama, sasa ni miezi 11 natuma dola 100 kila mwezi na kumwambia zimetoka kwa Z. Z mwenyewe hajui.

Juzi Z amenialika tena, safari hii wiki tatu mwezi wa tisa, anasema niijue vizuri familia yake. Neno hilo, familia, limenichoma. Niende? Mama yake nimwambie nini? Na hivi mimi kama rafiki nina haki ya kumtoa kule?

Mgeni wa Masufuria,
Maryland

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimcheka yule wa ndevu mpaka wajukuu wakaja kuniangalia. Mara ya pili sikucheka, maana niliiona sentensi uliyoichomeka karibu na mwisho kama mtu anayeficha noti kwenye soksi: dola 100, miezi 11. Hiyo tutairudia.

Tuanze na hofu ya mama, maana huyo ana presha na sisi hatuna. Usimcheke kwa Shakahola. Mwaka 2023 kwenye ule msitu wa Kilifi ilifukuliwa zaidi ya miili 400, na kabla ya hapo, Machi 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia waliteketea. Hao nao walianza kwa kuhama, kuuza mali na kuishi pamoja porini. Mzazi anayeogopa akisikia mwanawe kafanya hayo matatu ana akili timamu.

Lakini wewe ulikwenda, una macho, na umeniandikia majibu bila kujua. Z anapiga simu anavyotaka. Kakualika ukae wiki tatu, na mtu mwenye la kuficha hawaalikii wageni wiki tatu. Chakula kipo, hata kama tofu si chakula chako. Hukumtaja mhubiri wala nabii wala baba wa kiroho ambaye akikohoa wote wanakohoa. Kilichobaki ni swali moja, nalo umuulize Z mkiwa wawili tu: ukitaka kuondoka kesho asubuhi unaondokaje? Usikilize jibu na umtazame usoni. Akikwambia naomba gari, napanda, nakwenda, basi. Akianza kuzunguka, niandikie siku hiyo hiyo.

Kijiji hukukitaja na sitakikisia. Ila katika Virginia hiyo hiyo kipo kinachojulikana kuliko vingine vya namna hiyo, Twin Oaks, na ukikijua hicho unaelewa vingi. Kilianzishwa mwaka 1967 na watu wanane, kwenye shamba lililokuwa la tumbaku, na leo wapo kama mia. Wameishi kwa kusuka vitanda vya kamba vya kubembea, kutengeneza tofu, kulima mbegu na kuandaa faharasa za vitabu. Machi 2024 moto wa msituni uliteketeza ghala lao na karakana ya mbao, wakaanza kujipanga upya. Hawana mchungaji. Wana ubao ambao mtu akiudhika anabandika karatasi na mwingine anamjibu chini yake, na majibu yanaweza kwenda hivyo wiki nzima. Watu wanaingia, watu wanatoka, wengine wanaondoka baada ya mwaka na wengine wanazeekea hapo.

Na jambo la saa za kazi. Kwao kupika ni kazi, kuosha vyombo ni kazi, kumkogesha mtoto ni kazi, kumpeleka mgonjwa hospitali ni kazi, na saa zake zinaandikwa sawa na za aliyekuwa shambani au aliyekuwa kwenye kompyuta. Hapo nilisimama nikatafakari kidogo, mwanangu, maana mimi nimeosha vyombo miaka 50 na hakuna aliyeniandikia hata dakika.

Umeona mwaka huo? 1967. Februari ya mwaka huo huo kwetu lilitangazwa Azimio la Arusha. Ndiyo maana lile neno la mama, la ujamaa uliofuatwa kwa ndege, nisingelipuuza. Anasema kitu anachokijua. Mimi nyumba yetu ilivunjwa nikiwa darasa la pili, 1974, tukapakiwa kwenye lori na kuku wetu na kinu, tukashushwa penye vichaka tukaambiwa hapa ndipo kijijini. Bibi yangu alikufa anauliza nani analima mihogo yake. Mama yake Z akisikia "kijiji, mali ya wote", anasikia mlio wa lori.

Ila mkumbushe kitu ambacho yeye, kama mtu wa Ruvuma, atakuwa anakijua kuliko mimi. Kabla ya malori mkoa huo ulikuwa na Litowa. Vijana wa TANU waliingia porini wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 60, akina Ntimbanjayo Millinga, wakalima pamoja, wakajenga shule, na chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kikakusanya vijiji kama 17. Hakuna aliyewasukuma, na walipangiana kazi wenyewe. Septemba 1969 chama kikapigwa marufuku kutoka juu, na malori yakaja baadaye. Mwambie mama: Z hakupakiwa. Alikwenda kama watu wa Litowa walivyokwenda. Nadhani hapo atanyamaza kidogo, kisha atauliza wanakula nini. Akifika hapo ujue amepona nusu.

Sasa masufuria.

Mwanangu, methali unaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliiweka kwenye andiko lake la ujamaa la mwaka 1962, na mpaka leo tunaitaja tukicheka. Wewe ulifika Ijumaa. Jumapili ni siku ya tatu. Wale wazungu wa watu hawajawahi kuisikia hiyo methali na wameitimiza kwa saa!

Umesema mwenyewe masufuria yalikuwa kama ya msibani. Je, msibani nyumbani ungeyaona ukakaa? Ungefunga khanga kiunoni ukaingia nyuma ya nyumba bila kuitwa, na anayeachwa akae kwenye kiti cha plastiki na soda ni yule asiye wa pale. Kukuandika ubaoni kulikuwa kukutoa kwenye kiti cha plastiki.

Hata hivyo, Z amekosa, na mkosaji nitamtaja. Hakukuonya. Mtu anayetoka kwenye zamu za usiku za kugeuza wazee anaambiwa mapema: huku kwetu mgeni naye anashika kazi, je, utaweza? Kosa la pili ni kubwa zaidi. Siku mbili nzima hamkukaa peke yenu hata saa moja. Nimeipekua barua yako, sijaona mahali mlipokaa. Bustani ana zamu, mchana ana zamu, wewe unaangalia ubao wa zamu za watu. Hilo ndilo lililokufanya uondoke na njaa, na khanga ikamalizia. Kama angekuwa kando yako kwenye lile sinki, wewe unasugua yeye anasuuza, mngepiga soga mpaka saa 6 na ungenisimulia masufuria hayo kama mkasa wa kuchekesha.

Basi twende kwenye zile hela.

Dola 100 kwa miezi 11 ni dola 1,100. Umezitoa kwa wema, sibishi. Lakini angalia kilichotokea: mama anaamini mwanawe anatuma, Z anaamini mama ameshazoea kutotumiwa, na wewe katikati unalipia uamuzi ambao hukuufanya, kimya, huku hasira inaumuka. Kila Z anapocheka, wewe unaona dola 100 zinacheka. Ndiyo maana neno "familia" limekuchoma. Unajiuliza familia hiyo mbona haimtumii mama yake dawa.

Na huo ni uongo, hata ukiwa na sukari. Siku Z akimwambia mama kwenye simu, "mama unisamehe mwaka huu sijaweza kutuma", wewe utaonekana nani?

Mwezi huu usitume kwa jina la Z. Ukitaka kuendelea, na sikukatazi, maana huyo mama amekula nawe na ni mama yako pia, tuma kwa jina lako. Kabla ya hapo mwambie Z yote, kwa sauti, si kwa ujumbe wa simu. Usimpigie ukitoka zamu ya usiku. Sema kiasi, sema miezi, sema kwa nini, kisha unyamaze umwachie nafasi. Asipewe bili. Kuanzia hapo yeye ndiye atakayemweleza mama kwamba hana mshahara, ana hela ya mfukoni tu. Vijiji vingine vya aina hiyo vina utaratibu wa mtu kufanya kazi ya nje wakati wa likizo na kubaki na alichopata, aulizie kwake. Akitoa dola 20 kwa miezi mitatu zikiwa zake kweli, mama atazithamini kuliko 100 zako.

Kuna jambo jingine la kumuuliza Z, na hili muulize kwa sababu yeye ni mhasibu na wahasibu husahau hesabu zao wenyewe. Pensheni ya serikali ya Marekani inataka pointi 40, yaani karibu miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi ya pensheni hiyo. Wewe umesema alifanya 8 au 9. Saa anazofanya kijijini, kutegemea kijiji kimesajiliwaje, huenda hazimwongezei pointi hata moja. Ana miaka 48 kama wewe. Je, amehesabu? Kijiji kinaahidi nini kwa mzee asiyeweza tena kulima, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Wewe unayeogesha wazee wa watu ndiye mwenye haki ya kuuliza swali hili kuliko shangazi au mama. Kuuliza una haki kabisa. Kumtoa, hapana. Mtu mzima hatolewi mahali alipoingia kwa miguu yake.

Na vijiji hivi hubadilika, asidhani vitakaa kama alivyovikuta. Degania, cha kwanza kati ya vibutsi, yaani vijiji vya Wayahudi vya kuishi kwa pamoja kule Israeli ya leo, kilianza mwaka 1910 kwa kugawana kila kitu. Mwaka 2007 wenyewe wakapiga kura watu walipwe kila mtu na chake. Haina maana walishindwa. Wajukuu walitaka kitu kingine.

Uende? Nenda, lakini si wiki tatu. Wiki tatu ni za mtu anayefikiria kuhamia, na wewe huhamii. Mwambie Z utakuja siku tano, na umpe masharti mawili kabla hujawasha gari. Kwanza, zamu zako zote ziandikwe pamoja na zake, sinki moja, tuta moja. Pili, jioni moja kati ya hizo ni yenu wawili, hakuna bwalo, hakuna mkutano. Mpike ugali na dagaa kwenye jiko lolote dogo watakalokupeni. Hapo ndipo utakapouliza yale ya kuondoka na ya uzee. Usiulize ukiwa ndani ya gari unaondoka, maana najua wewe ni wa kusemea dirishani.

Ukiwa pale mpigie mama kwa video, saa ya baada ya misa, simu ashike Z. Amwonyeshe mahindi, mbuzi kama wapo, jiko, watoto. Yule wa ndevu naye aje asalimie. Mama akiona mwanamume mzima anaosha masufuria kwa zamu, nakuhakikishia Shakahola itamtoka kichwani, ataanza kuuliza kama ana mke.

Kuhusu neno "familia", nikurudishe nyuma kidogo. Miezi 7 ulilala sebuleni kwa Z bila kulipa. Ndoo moja, sabuni moja. Z alikuwa anaishi hivi tangu Songea, wewe ndiye mwanakijiji wake wa kwanza. Huenda ndiyo maana hakuona haja ya kukuonya kuhusu zamu. Nakisia tu, muulize.

Jambo la mwisho, khanga. Umeipindisha mwenyewe, kwa hiyo umeikata mwenyewe, na unajua kama ninavyojua mimi kwamba doti ina vipande viwili. Barua nzima umenisimulia kimoja. Cha pili hukukiona bwaloni, hukukiona kwenye chumba cha nguo za wote, na kwa hasira ulizokuwa nazo ungeniandikia kama ungekiona. Ukifika safari hii, kabla ya kuuliza lolote, ingia chumbani kwake utazame kitandani.